Ubatizo wa Antoinette

Antoinette alilikataa tangi. Kanisa lao pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, lilibatiza watu katika tangi la simenti lililojazwa kwa ndoo, na kila mwaka zamu yake ilipofika alibaki amekaa kwenye benchi. Mama yake alibatizwa mtoni, kule kwao Fizi, Kongo. Mama huyo alifia njiani wakikimbia vita, hata kaburi halijulikani, na binti alitaka walau kitu kimoja afanye kama yeye. Alikuwa fundi cherehani mpole, ila kwa hili mkaidi wa kutupwa.

Delphin, mzee wa kanisa ambaye hata mvi hana, alichoka kumbembeleza. "Basi utafute mto," akamwambia, "mi nitakubatiza." Rafiki yao Kassim wa Kindu, muuza mitumba na Mwislamu wa swala tano, ndiye aliyesikia kwamba milimani, mbele ya Lilongwe, kuna mapango na maporomoko ya maji. Wakaomba ruhusa ya kutoka kambini. Usiku walilala kwa shangazi yake Kassim, mtaa wa Area 23 mjini Lilongwe, wasilipie nyumba ya wageni. Asubuhi wakabeba ugali wa jana na sufuria ya dagaa, wakadandia lori tupu pale Old Town lililokuwa linafuata viazi.

Sasa sikia ujinga wa watu waliokulia kando ya maji. Ilikuwa Oktoba, mwisho wa kiangazi. Kwao maji hushuka milimani mwaka mzima, kwa hiyo hakuna aliyewaza kuuliza. Wakapanda kilima jasho likiwatiririka, wakafika, wakakuta ukuta wa mwamba, mkavu kabisa.

"Turudi," Delphin alisema. "Mungu anaona nia. Maji ya kwenye tangi njo maji pia."

"Mrudi nyinyi." Antoinette akaketi juu ya jiwe. "Mi sitoki hapa."

Mwanamke aliyekuwa akiokota kuni akawaonyesha mdomo wa pango. Maji yapo humo, alisema kwa Kichewa, ila machache. Wakaingia wakimulika kwa simu ya Kassim, wakakuta kijito kinatambaa juu ya mchanga, hakifiki hata kifundo cha mguu. Na kwa kanisa lao, asiyezama mwili mzima hajabatizwa.

Antoinette akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa mikono. Delphin akamtazama, akapumua, akachukua kifuniko cha sufuria akamsaidia. Kassim akavua viatu, akapanga mawe kuyazuia maji, akaacha upenyo yaendelee kutembea, maana alijua dada huyu anataka mto, si tangi.

"Familia yangu ikisikia nimejengea Bakristo bwawa," alisema, "batanizika bila kuniosha."

Maji yalipojaa, Antoinette akalala chali. Delphin akatamka maneno, akamzamisha. Pua ikabaki nje. Wakarudia, pua ile ile.

"Inatosha, dada," Delphin alisema.

"Haitoshi."

Akajigeuza kifudifudi mwenyewe, akausukuma uso hadi kwenye mchanga. Delphin akaweka kiganja kisogoni pake, akayarudia maneno yote.

Alikaa chini ya maji mpaka Kassim akaanza kuogopa. Alipoinuka, mchanga ulikuwa umejaa midomoni, naye akaangua kilio kikubwa, kilio cha matanga, kile ambacho mama yake hakuwahi kuliliwa kwa sababu siku ile ilibidi wakimbie kimya. Delphin alitaka kumnyamazisha. Kassim akamshika mkono.

"Umuache," alisema. "Leo anazika."