Unyoya Ambao Bi Kanga Hakuung'oa

Nchi ya Mabawa haimo kwenye ramani yoyote, na siku hizi wenyeji wake wanaona afadhali, maana aibu yao haijafika mbali. Ilikuwa nchi yenye utaratibu. Juu kabisa alikaa Mfalme Tai, chini yake Waziri Kunguru, na chini ya hao wawili walikuwa ndege wengine wote, kila mmoja na kiota chake na manung'uniko yake.

Kila mwaka wa nne, kipupwe kinapoanza, vikapu viwili viliwekwa uwanjani: kimoja cha mfalme aliyepo, kingine cha anayetaka kiti chake. Kila ndege alijing'oa unyoya mmoja wa kifuani na kuutia katika kikapu alichokitaka. Unyoya wa kuokota haukukubaliwa. Wakaguzi walitazama kwanza kama shina lake lina tone la damu. Wazee walioanzisha mtindo huo walitaka ndege aumie kidogo, ili asichague mtawala huku akifikiria chakula cha mchana.

Bi Kanga alikuwa na ulimi. Akisema neno asubuhi, nchi nzima inalirudia mchana, naye alilijua hilo na kulipenda kuliko alivyopenda kukiri. Mwaka huo aliyeshindana na Tai alikuwa Hondohondo, domokaya asiyejua kunyamaza, lakini hajawahi kumla kifaranga wa mwenzake. Siku yenyewe ilipofika, Tetere alimpitia jirani yake Bi Kanga.

"Shoga, twende basi. Foleni bado fupi."

"Niende wapi mie? Mmoja ana kucha, mwingine ana mdomo tu. Mimi nina baridi. Unyoya wangu nabaki nao."

Tetere alicheka mpaka akakaa chini, na alipokwisha kukaa hakuona sababu ya kuinuka. Baadaye alimsimulia Chiriku, na Chiriku mnamjua, hana siri ya dakika mbili. Mzaha ukafika uwanjani. Waliokuwa kwenye foleni walicheka, wakatazamana, wakarudi makwao kuota jua. Bi Kanga alisikia vicheko vikitoka kiota hadi kiota, akajisikia vizuri. Tuseme kweli: alijisikia vizuri sana.

Tai alishinda kwa manyoya mia mbili kwa mia na tisini, katika nchi yenye ndege elfu tisa.

Mwezi haukuisha, ikatoka amri ya Yai la Amani. Kila kiota kitoe yai moja ikulu, ili mfalme apate nguvu za kulinda amani. Kwa Bi Kanga alikuja Kunguru mwenyewe. Alikuta mayai manane, akayapapasa yote bila haraka, akachukua kubwa. Bi Kanga alimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kunguru aliyasikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba mfalme anamwita barazani kesho yake.

Alikwenda akijua anakwenda kufungwa. Alikuwa ameandaa hotuba ya kumkoma nyani giladi, kuhusu yai lake na mayai ya wenzake. Lakini mlangoni walimpigia saluti, wakampeleka kiti cha mbele chenye mto.

"Korongo," alisema Tai, "wewe unatembea dunia. Tueleze wenzetu wanaendeleaje na mambo ya vikapu."

Korongo alikohoa. "Mtukufu, si kuzuri. Kuna nchi ambako kikapu cha mpinzani hakina kitako. Kuna nchi ambako mfalme huwang'olea raia manyoya yeye mwenyewe, eti wasijisumbue. Kwingine hata marehemu hutoa manyoya, tena mapema kuliko walio hai. Na kuna nchi ambako vikapu ni vizima, wakaguzi ni waaminifu, na ndege wanabaki nyumbani kwa hiari yao. Hizo ndizo zilizonishangaza."

"Sisi tuko kundi hilo la mwisho," alisema Kunguru kwa fahari.

Tai akamgeukia Bi Kanga. "Mama, simama tukuone. Ni wewe uliyesema mmoja ana kucha, mwingine ana mdomo tu?"

Baraza likaangua kicheko. Na Bi Kanga, aliyenyang'anywa yai lake jana tu, alijikuta anatabasamu. Alipogundua, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Raia wana baridi," aliendelea Tai. "Sisi ni nani tuwang'oe manyoya? Kwa huruma, na kwa ushahidi wa mama huyu, Siku ya Vikapu naifuta. Bi Kanga, ulisema au hukusema?"

Hotuba yote ilimtoka kichwani. "Nilisema, Mtukufu, lakini..."

"Kunguru, andika. Amesema."

"Ulikuwa mzaha tu!"

"Ndiyo maana ukasikilizwa," Tai alimjibu kwa upole. "Nilikuwa na wapiga debe arobaini, mama, na hakuna aliyenifaa kama wewe. Ahsante sana."

Bi Kanga aliinamisha shingo, akashika unyoya wa kifuani kwa mdomo, akauvuta. Ulitoka na tone lake la damu. Haukuuma kama alivyokuwa akidhani miaka yote, na hilo ndilo lililomliza. Aliuweka mbele ya mfalme. Kunguru alimwomba kwa heshima asichafue zulia.

Asubuhi iliyofuata alianza kupita kiota hadi kiota. Hakutania. Kila mlango alisema maneno yaleyale: mimi ndiye niliyewaweka nyumbani, nilikosea, naona haya. Wengine walimfungia mlango. Wengine walidhani ni mzaha mpya, wakasubiri sehemu ya kuchekesha.

Kwa Tetere alifika mwisho, akaogopa hata kubisha. Tetere alikuwa amelala juu ya yai moja lililobaki kati ya mawili. Alimsikiliza rafiki yake mpaka akamaliza, halafu akafuta macho.

"Basi nimekuelewa, shoga," alisema. "Wala sikulaumu, miguu ilikuwa yangu. Safari hii nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, hata mvua inyeshe. Niambie tu, Siku ya Vikapu ni lini?"