Watu Wote Wametoka

Kengele ya moto ilipolia, Bi Ramani alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi, na kalamu yake nyekundu ilikuwa imesimama kwenye mto ambao mwanafunzi mmoja aliuchora ukipanda mlima. Hakushtuka. Alikuwa mjumbe wa kamati ya usalama, na alijua tangu wiki iliyopita kwamba asubuhi hiyo kungekuwa na zoezi la kutoka jengoni. Alimaliza kuandika "Maji hayapandi", akaifunika kalamu, akageuza kiti chake cha magurudumu na kutoka ofisini.

Jina hilo la Bi Ramani alipewa na wanafunzi, kwa sababu alifundisha uchoraji wa ramani na hakuwa na huruma na mstari uliopinda. Hata ramani ya kutokea jengoni, ile iliyobandikwa kwenye kuta za kila ghorofa, ilikuwa kazi ya mkono wake. Mishale ya kijani ilionyesha watu wapite wapi. Kwenye kibaraza cha ngazi cha ghorofa ya nne, pale ngazi zinapokata kona kabla ya kuendelea chini, alikuwa amechora kijimraba cha buluu, ndani yake maneno "Mahali pa Kusubiri Msaada".

Hakukipenda kile kijimraba. Kwenye kikao alikuwa ameomba ahamishiwe ofisi ya chini, na kama hilo haliwezekani, kinunuliwe kiti maalumu cha kumshushia mtu ngazini, maana lifti hujizima kengele inapolia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mstaafu wa zimamoto ambaye chuo kizima kilimwita Kamanda. Alimjibu kwa upole kwamba ofisi za chini ni za wakubwa, na kiti kimeshaombwa.

"Kwa sasa tuweke mahali pa kusubiri, mama," alisema. "Ni kwa muda tu."

Basi akakichora, kwa kuwa mle kikaoni hapakuwa na mwingine aliyejua kuchora.

Sasa alikaa ndani ya kijimraba chake, mgongo ukutani, akiwapisha watu. Walishuka kwa makundi, wakicheka, wakisukumana, wengine na vikombe vya chai mikononi.

"Pole, mwalimu! Wanakuja kukuchukua, si ndiyo?"

"Wanakuja," alijibu. "Shukeni tu."

Waliopangiwa kumbeba ni walinzi wawili wenye mabega mapana. Alipochungulia dirishani aliwaona getini, wanazuia magari. Watu walikuwa wamejaa kwenye maegesho, na Kamanda amepanda juu ya kiti, kipaza sauti mdomoni. Aliitazama saa yake, akatabasamu.

"Watu wote wametoka," alitangaza. "Jengo ni tupu. Hongereni sana."

Watu wakapiga makofi. Na hapo, katikati ya umati, karibu na kibao cha mahali pa kukusanyika, Bi Ramani alijiona mwenyewe, kwenye kiti chake cha magurudumu, naye anapiga makofi. Alichogundua kwanza ni kwamba kilemba chake kilikuwa kimekaa upande, na kwamba asubuhi yote hiyo hakuna mtu aliyemwambia.

Akakirekebisha.

Lifti iliporudi kufanya kazi, aliingia na kubonyeza kitufe cha chini kabisa. Lifti ikashuka, aliusikia ule mshuko tumboni kama siku zote. Mlango ulipofunguka alikuwa ghorofa ya nne. Alijaribu tena, kisha tena, mpaka wenzake waliokuwa wanarudi ofisini walipoanza kumwomba awapishe, kwani na wao walikuwa na kazi. Wao walikuja kwa lifti hiyohiyo na wengine wakashuka nayo. Ilikuwa haina shida na mtu mwingine.

Ofisini kwake alimkuta yule aliyetoka, ameshika kalamu nyekundu.

"Karibu," yule alisema. "Samahani, nimekaa mahali pako."

"Ulitoka vipi?"

"Sijui. Kamanda alisema watu wote wametoka, nami nikawa nje."

"Mimi bado nimo ndani."

"Naona." Yule aliinamisha uso. Alikuwa na aibu ya kweli, Bi Ramani aliijua vizuri aibu ile. "Lakini mwenzangu, mimi siwezi kusema sikutoka. Nilitoka. Nikisema kwamba uko hapa, mimi nitakuwa nani?"

Bi Ramani alichukua shali lake nyuma ya mlango, akarudi kibarazani, kwa kuwa ofisi ilikuwa ndogo na viti viwili vya magurudumu havikupishana.

Jioni ile alimwangalia kupitia dirishani mumewe, fundi cherehani, akimwinua yule mwenzake na kumweka garini kwa uangalifu wake uleule, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni. Alitamani kugonga kioo. Akagonga. Kioo kilikuwa kinene na dirisha halikuwa la kufunguka.

Kesho yake, kabla jua halijazama, mume alipanda ngazi akihema, kapu la chakula mkononi.

"Nilijua tangu jana," alisema, akikaa kwenye ngazi. "Niliunguza shati la mteja kwa pasi. Yule akaniambia, si neno."

Bi Ramani alicheka mpaka akashika mbavu.

"Tangu nikuoe, hujawahi kuniambia si neno," mume aliendelea. "Nikasema, huyu ni mgeni. Mke wangu wamemsahau kule."

"Shati la nani?"

"La mkuu wa chuo."

"Na pasi ukaiacha juu yake ukaenda kupiga soga mlangoni."

"Ndiyo," alisema mume, na macho yake yakajaa. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akampa mgongo ili ambebe. Bi Ramani akamkumbatia shingoni, na wakaanza kushuka. Mume alishika reli kwa mkono mmoja, anatafuta kila ngazi kwa ncha ya kiatu. Walifika kwenye kibaraza cha chini, na ukutani palikuwa na ramani ya ghorofa ya nne, na kiti chake cha magurudumu kikiwangoja. Wakashuka tena. Kiti kilikuwa pale. Wakashuka tena na tena, mpaka shati la mume likalowa na shingo yake ikaanza kutetemeka.

"Nishushe, baba."

"Bado kidogo."

"Nishushe. Utaanguka na mimi, halafu tuwe wawili humu."

Akamrudisha kitini. Akajipangusa uso kwa ncha ya shati. Kisha akauliza, "Kesho nikuletee nini?"

Kamanda alipopata habari alikuja mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alileta mto wa kukalia, mpya, bado uko kwenye nailoni.

"Ni rahisi," Bi Ramani alimwambia. "Uliposema watu wote wametoka, ulikosea. Panda juu ya kile kiti chako, useme hapana, mmoja alibaki. Nitashuka siku hiyohiyo."

"Nikisema hivyo, zoezi limefutika," alisema Kamanda. "Zoezi likifutika, cheti cha usalama kimeondoka. Jengo litafungwa. Wanafunzi wako watafanyia mitihani wapi, mama?"

"Na mimi je?"

"Wewe umetoka. Nilikuona kwa macho yangu, ulikuwa unapiga makofi."

"Na huyu unayezungumza naye sasa hivi?"

Kamanda alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

"Huyu tutamweka kwenye ajenda," alisema.

Aliwekwa kwenye ajenda. Kikao kilikuwa na wajumbe wote, pamoja na yule mwenzake, ambaye aliunga mkono suala liahirishwe mpaka kikao kijacho. Alikuja kumweleza mwenyewe baadaye, mikono imekunjwa mapajani. "Waliniangalia wote," alisema. "Ningefanyaje?" Bi Ramani alikumbuka jinsi wale wajumbe wanavyomwangalia mtu, na hakumgombeza.

Siku zikaenda. Kibaraza kilinuka dawa ya sakafu asubuhi na vumbi mchana. Choo kilikuwa mwisho wa korido, kilichobaki ni ngazi, dirisha na watu. Alijua sasa nani hushuka kwa kisigino na nani kwa kidole, nani huongea na simu akisema yuko njiani kumbe ndiyo kwanza anafunga mlango. Wanafunzi walimsalimia wakipita: shikamoo mwalimu, pole na kusubiri. Wengine walimletea maswali ya mtihani, kwa kuwa yule mwenzake hakuwakosoa na hivyo hawakujua walipokosea. Usingizi ulimjia kwa vipande. Mara nyingine katikati ya mchana kifua kilimbana, ukuta ukawa karibu mno, akawa anavuta pumzi huku ameshika reli ya ngazi kama mtu aliye juu ya mti.

Siku moja alichukua rula na kukikwangua kile kijimraba cha buluu kwenye ramani ya ukutani, akakwangua mpaka karatasi ikatoboka na saruji ikaonekana. Kesho yake mwanamke wa usafi alibandika nyingine, akaifunika kwa plastiki ngumu.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nimetumwa tu."

Kule dukani, wateja walimtania mumewe kwamba ndiye mwanamume pekee mjini mwenye wake wawili na mama mkwe mmoja. Yeye alikata vitambaa vyao bila kujibu. Kila jioni alipanda ngazi na kapu.

"Unaishi naye vipi?" Bi Ramani alimuuliza siku moja. Alikuwa amelizuia swali hilo kwa muda mrefu.

"Vizuri. Hana neno na mtu." Mume alikuwa anamkunjia shali. "Namheshimu. Ila usiku namweka kitandani, nazima taa, halafu nakuwa mwenyewe."

Muhula mpya ulipoanza, kengele ililia tena. Safari hii kibarazani aliletwa pia karani wa mitihani, mwanamke mnene mchangamfu aliyeanguka bafuni na kuvunjika mguu. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta hadi pajani. Wenzake walimkalisha sakafuni, wakampa chupa ya maji, wakashuka wakicheka.

"Tutangoja sana?" karani aliuliza.

Bi Ramani alimkamata bega. "Shuka."

"Nishuke na nini, na mguu huu?"

"Kwa makalio. Kaa kwenye ngazi, jivute. Sasa hivi, kabla hajasema!"

Karani alimwangalia usoni, na alichokiona kilimtosha. Akaketi ngazi ya kwanza, akaunyoosha mguu wa plasta mbele, akajisukuma. Sketi ilipanda, kiatu kikatoka, plasta ikagonga kila ngazi. "Usisimame!" Bi Ramani alimpigia kelele, mwili wote umeinama juu ya reli. "Vizuri! Endelea hivyohivyo!" Karani alikata kona, akapotea machoni, ikabaki ile sauti ya plasta, ikienda chini, ikienda chini.

Nje, kipaza sauti kikakoroma.

"Watu wote wametoka. Jengo ni tupu."

Makofi yakapigwa. Sauti ya plasta ikanyamaza. Halafu ikaanza tena, pole pole, lakini sasa ilitokea juu. Karani akaja akijivuta kwa makalio kutoka ngazi za ghorofa ya tano, jasho linamtoka, akafika kibarazani na kusoma ramani ya ukutani.

"Nilikuwa nashuka," alisema.

"Najua. Ulikwenda vizuri sana."

Karani alijishikilia kwenye reli, akainuka mpaka akafikia dirisha. Kwenye maegesho alijiona amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa, anacheka na wenzake, na mtu anampa soda. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Nimenenepa," alisema hatimaye.

Bi Ramani alifungua breki za kiti chake, akasogea kuelekea ukutani kumpa nafasi, na kumtandikia shali chini.

"Kaa upande huu, hakuna upepo wa ngazi," alimwambia. "Mumeo anajua kupika?"