Nusu Mzunguko kwa Wiki

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, mshona mapazia alikuwa amesimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkono wa kulia juu kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali, ameshika bisibisi ya betri. Alikuwa akihesabu hadi sitini. Nyingine mbili zilikuwa zimelala kwenye kaunta ya kioo, na mwenye duka alikuwa akiifuta vumbi ile kubwa kuliko zote kwa pindo la shati lake.

"Mama, hii inatoboa hata zege."

"Mimi sitoboi zege. Nakaza vishikio vya mapazia. Arobaini na moja."

"Ina nguvu sana."

"Hata punda ana nguvu, lakini simpandishi kwenye ngazi. Arobaini na tano."

Alipofika sitini aliishusha, akaisukuma pembeni. Ilikuwa inaelemea nyuma. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amekaza skrubu kwa bisibisi ya kawaida, fimbo ya pazia begani na kishikio amekibana kwa kidevu, kwa hiyo alijua anachotafuta. Alichukua ndogo kabisa. Urefu wake haukuzidi kiganja na nusu. Alipoibonyeza, kitaa kiliwaka mbele na sumaku ikaishika skrubu bila kuidondosha. Ilichajiwa kwa waya wa simu, maana yake haikuwa na chaja ya peke yake ambayo watoto wangeipoteza kabla ya Jumatano. Na shingoni ilikuwa na pete yenye namba, moja hadi sita. Ukiiweka kwenye namba ndogo, inaacha kukaza mapema. Ukiiweka kwenye kubwa, inakaza mpaka ubao ulie.

"Pete ndiyo muhimu," alisema. "Bila pete unakaza tu mpaka unaharibu. Mdogo wangu, hebu ishike na wewe, uone uzito."

Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Chapchap, aliipokea. Kiganja chake kiligeukia nyuma, kikaning'inia kwenye kifundo kama kitasa kibovu, na bisibisi ikaangukia kwenye bunda la misasa.

Mwenye duka alivaa miwani, akainama kukiangalia kifundo kwa upande wa chini.

"Dada, umelegea. Skrubu imetoka karibu robo. Ni ya kichwa cha msalaba."

"Tangu Jumanne," Chapchap alisema. "Naikaza kwa ncha ya kisu."

"Kisu kinakula kichwa cha skrubu."

"Ndiyo maana nimekuja na dada yangu."

Chapchap alifanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya kujipaka, kwenye mstari wa vifuniko. Makopo yalipita kwenye mkanda, na yeye na wenzake ishirini na watatu waliyafunga kwa mkono, kifuniko baada ya kifuniko, kwa kuzungusha kulia. Alikuwa mwepesi kuliko wote, na jina la utani lilitoka huko. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Wiki hiyo alikuwa ameangusha makopo matatu. Msimamizi alimwambia kwamba Jumatatu atakuja kusimama nyuma yake mwenyewe, na kopo la nne ndilo la kuagana. Chapchap aliipenda kazi ile, na hata kama asingeipenda, hakuwa na nyingine.

Mshona mapazia alinunua bisibisi ndogo. Kichwa cha msalaba kilikuwa ndani ya boksi pamoja na vingine vitano.

Nyumbani, kabla ya kumgusa mtu, aliijaribu kwenye kishikio cha pazia la sebuleni kilichokuwa kikichezacheza tangu mwaka uliopita. Kilikaa. Mume wake, aliyekuwa akipiga pasi shati la kazini, alisema kwamba yeye alikuwa na mpango wa kukirekebisha kile kishikio wikiendi hiyohiyo.

"Mpango huo una mwaka na miezi miwili," mke wake alimjibu. "Chapchap, kaa hapa. Weka mkono juu ya meza, kiganja juu."

Aliupangusa ule mkono kwa kitambaa, akaweka kichwa cha msalaba, akabonyeza. Bisibisi ilinguruma kidogo, ikakaza, ikakaza, ikakaza, kisha ikalia tak tak tak. Hapo ndipo alipogundua kwamba pete ilikuwa bado kwenye namba sita, namba ya mbao.

Kiganja cha Chapchap hakikugeuka tena kokote. Alikula chakula cha mchana kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umenyooka mbele yake, wazi, kama mtu anayesubiri arudishiwe kitu chake.

"Shemeji, unaniomba nini?" mume wa mshona mapazia alimuuliza.

"Akili. Lakini naona hapa nimekosea mlango."

"Mimi mwenyewe nina shingo inayolia. Akimaliza kwako, aniangalie."

"Yako hailii," mke wake alisema. "Ni wewe unayelia. Nipisheni."

Alibadili mwelekeo kwa kitufe cha pembeni, akailegeza skrubu, akaipaka tone la mafuta ya cherehani, akaweka pete kwenye namba mbili na kuanza upya. Tak moja, akaacha. Chapchap alizungusha mkono kulia, kushoto, akaufunga mtungi wa chumvi, akaufungua, akaufunga.

"Kama mpya," alisema.

"Si kama mpya. Umekazwa tu. Usinivimbie kichwa."

Jumatatu msimamizi alisimama nyuma ya Chapchap kuanzia kengele ya kwanza. Halikuanguka hata kopo moja. Saa sita kasoro msimamizi alichoka kusimama, akaenda kukaa. Chapchap alibaki kwenye mstari, na mchana huo wenzake wawili waliomba kuuona ule mkono. Waliugeuza, wakaitazama skrubu ilivyokaa, wakauliza dada yake anapatikana wapi.

Jumamosi iliyofuata wanawake tisa walikuwa wamekaa kwenye benchi la chumba cha kushonea, katikati ya majora ya vitambaa. Mshona mapazia aliwahudumia huku wateja wa mapazia wakichagua rangi. Hakuna aliyelalamika kuhusu foleni. Mama mmoja aliyekuja kupimiwa pazia la bafuni naye alikaa kwenye benchi, kwa kuwa alikuwa mwalimu na taya lake lilikuwa linacheza. Dereva wa lori alikazwa kifundo cha mguu, ule wa kukanyagia. Kila mtu alikuwa amelegea pale anapotumika, na hilo lilieleweka.

Lakini wale tisa wa kiwandani walimpa mshona mapazia kitu cha kufikiria. Alikuwa mtu wa vipimo, na hakupenda kazi moja imrudie mara mbili. Wiki iliyofuata walirudi wote tisa, pamoja na wengine saba. Mkono wa kulia, kifundo kilekile, skrubu ileile, na zote zilikuwa zimetoka kiasi kimoja: nusu mzunguko. Aliwapima kwa alama za chaki ya kushonea. Ya yule aliyekuwa na likizo ya siku mbili ilikuwa imetoka pungufu kidogo.

"Hebu niambieni," alisema. "Kifuniko mnakizungusha kwenda wapi?"

"Kulia."

"Na skrubu zenu zinatoka kwenda wapi?"

Waligeuza vifundo vyao kuangalia.

"Kushoto," Chapchap alisema.

"Basi. Mnachokaza kule ndicho kinachotoka kwenu. Hapa mimi nachota maji kwa kichujio."

"Dada, wewe kaza tu. Jumatatu tuna kazi."

Alikaza. Lakini Jumanne alijipangia safari ya kiwandani. Meneja alikuwa amemwita siku nyingi aje kupima madirisha ya ofisi, kwa sababu jua la mchana lilikuwa likimpiga usoni. Alichukua futi, daftari na bisibisi, akapitishwa katikati ya ukumbi. Mkanda ulikuwa ukipita, na kando yake mikono ishirini na minne ya kulia ilizunguka pamoja. Chapchap alimkonyeza bila kupoteza kopo. Mwisho wa mkanda kulikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa kwa nailoni.

Alipima madirisha, akaandika, ndipo akauliza.

"Bwana Meneja, kile pale chini ya nailoni ni nini?"

"Ile? Mashine ya kufunga vifuniko."

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Ilianza kulegea." Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. "Tukaona tusiitese. Tukaiacha ipumzike. Ina miaka mitatu sasa."

"Na hawa wanaolegea?"

"Hao wanarudi nyumbani kila jioni," meneja alisema. "Mashine haina pa kwenda."

Mshona mapazia aliyatafakari maneno hayo kwa muda aliotumia kukunja futi. Kisha aliomba ruhusa ya kuiangalia, na meneja, ambaye hakuwa mtu wa kumnyima mgeni, alimsindikiza. Chini ya nailoni mashine ilikuwa safi, imepakwa grisi, na chini ya miguu yake kulikuwa na kipande cha zulia. Skrubu sita za kichwa cha msalaba zilikuwa zimetoka kwenye mkono wake wa chuma. Alizikaza moja baada ya nyingine, pete kwenye namba nne, akikwea kwenye kiti kuzifikia mbili za juu. Ilimchukua dakika nane. Meneja alibonyeza swichi mwenyewe. Mashine ilifunga kopo moja, la pili, la kumi, kwa mwendo ambao hata Chapchap aliunyanyulia nyusi.

Mkanda ulisimama. Wanawake ishirini na wanne walikuwa wakitazama, na ishirini na wanne wote walikuwa wameshika kifundo cha kulia kwa mkono wa kushoto, bila kuambizana.

"Safi sana," meneja alisema. Aliizima, akaupapasa ule mkono wa chuma. "Kazi safi sana, mama. Inafurahisha kuiona imepona."

"Basi iwashe."

"Halafu ilegee tena?"

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba maziwa huchacha. Kisha aliomba kuishika bisibisi. Aliipima uzito kiganjani, akawasha kitaa, akasoma namba za pete, akauliza inapatikana duka gani, na kama inadumu na chaji siku nzima. Mshona mapazia alimjibu ukweli, kwa kuwa ameulizwa: siku nzima ya kazi ya kawaida, na wasisahau kuweka pete kwenye namba mbili kwa watu.

Kufikia Ijumaa bisibisi nne mpya zilikuwa zinaning'inia ukutani kwa kamba, kila moja kwa wanawake sita. Tangazo lililobandikwa juu yake lilisema kila mfanyakazi ajikaze kabla ya kazi, si wakati wa kazi. Chapchap alifanywa msimamizi wa ukazaji. Alipewa fulana ya njano, na akaanza kufika nusu saa kabla ya wengine. Alikuwa na mkono mwepesi hata kwa hilo. Aliwakaza wote ishirini na watatu, kisha yeye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kengele ilimkuta ameshamaliza na anapiga soga. Kwa kuwa makopo hayakuanguka tena, mkanda uliongezwa mwendo. Nusu mzunguko kwa wiki ukawa nusu mzunguko kwa siku tatu, na Chapchap akaomba aongezewe chupa ya mafuta ya cherehani. Akapewa.

Chumba cha kushonea kilibaki na benchi tupu siku za Jumamosi, isipokuwa mwalimu na taya lake.

Mwezi uliofuata mshona mapazia alirudi kiwandani kufunga mapazia ya ofisi. Meneja aliyasifu, akaongeza oda moja: pazia zito, la kuvutwa, la kuizunguka mashine pande zote, maana nailoni ilikuwa inaitoa jasho. Alilishona kwa kitambaa cha bluu chenye bitana, akalileta Alhamisi, akapanda ngazi mwisho wa mkanda, na kuvikaza vishikio vinane kwa mkono mmoja. Fimbo ilikaa sawasawa. Aliipima mara mbili. Kisha alishuka, akalivuta pazia hadi mwisho kuhakikisha halikwami.

"Rangi nzuri, dada!" Chapchap alipaza sauti kutoka kwenye mstari, mikono ikiendelea. "Nami nishonee hilohilo la chumbani."

"Njoo upimiwe Jumamosi."

"Jumamosi tunaingia kazini sasa."

"Basi njoo Jumapili," alisema, akaikunja ngazi yake.