Gogo Foleni

Kwenye foleni ya bandari yetu, lori likitoka kwenda kwa fundi, nafasi yake hushikwa na gogo, kile kipande cha mbao cha kuzuia gurudumu. Kila mwenye lori ana lake, na tunayatambua magogo ya wenzetu kama viatu vya watu wa nyumbani. Hakuna aliyeyapuuza mpaka Kampuni ilipoleta malori yake meupe.

Kampuni ilitaka sote tuwe chini yake. Paka lori lako rangi nyeupe, futa maneno uliyoyaandika nyuma, upite bila foleni. Ukikataa, ota jua barabarani, na kisiwa chetu kina barabara moja tu ya bandarini. Wengi walipaka. Mimi na dada, tuliorithi lori la baba, tulikataa. Lakini asubuhi moja, kabla hajalipeleka kwa fundi wa klachi, dada aliniambia, "Kontena la leo likitupita, Mshairi, kesho nakwenda kununua rangi. Wanangu hawali mashairi."

Nikabaki na gogo. Mkia wa foleni ulikuwa umefika sokoni, na anayepoteza zamu huanzia huko.

Lilikuwa limebaki lori moja mbele yangu pale lori jeupe lilipokuja kwa honi na kuingiza pua kwenye nafasi yetu. Nikalikalia gogo.

Msimamizi wa Kampuni akashuka. "Kijana, ondoa kuni zako."

"Si kuni, bosi. Hili ni lori."

"Mbona halina magurudumu?"

"Yako kwa fundi, yanakuja."

Madereva wakacheka. Yeye akainama sikioni kwangu na kusema kwa upole kwamba naweza kupata kontena sasa hivi, mimi peke yangu, nikikubali tu kusogea na kupaka rangi.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Wenzangu nao wana masikio."

Akanyooka, akamwashiria dereva wake asogeze. Bampa ikaja mpaka nikahisi joto la injini usoni. Makalio yangu yalibaki palepale.

Injini ikazimwa. Akashuka dereva, Mzee Honi, rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa na lori lake mwenyewe kabla ya kuajiriwa na Kampuni. Akapandisha suruali, akaitazama safu ya malori, na mazoea ya miaka yakamponyoka mdomoni.

"Wa mwisho nani?"

Ndivyo anavyouliza kila anayejiunga na foleni. Ukishauliza, umekubali kwamba foleni ipo na kwamba una mtu mbele yako. Kisha sauti ikatoka mbali kule nyuma: "Mimi hapa, mzee wangu. Karibu." Kicheko kikapita lori kwa lori mpaka sokoni.

"Panda gari," msimamizi akasema.

Mzee Honi akajikuna shingo. "Nimeshauliza, bosi."

"Anayekulipa ni mimi."

"Unanilipa niendeshe. Kama unataka kumkanyaga mtoto wa rafiki yangu, usukani ule pale." Akamnyooshea funguo. Msimamizi akatia mikono mfukoni.

Basi mzee akapanda, akarudi nyuma taratibu. Dada naye akatokea na lori letu, kichwa nje ya dirisha.

"Mdogo wangu, inua makalio, nimekuja na makubwa kuliko hayo."

Nikabeba gogo, naye akaingia kwenye nafasi yetu. Mzee Honi, sasa akiwa nyuma ya lori letu, akasoma kwa sauti ubeti niliouandika kwa mkono wangu:

"Gari hili ni la jasho, halipakwi rangi yako;
ukiyasoma maneno, ujue nyuma ni kwako."

Akanitazama. "Mimi huyo?"

"Rangi hiyo, mzee. Si wewe."

Akatikisa kichwa akicheka, akageuza lori kuelekea sokoni.

"Mtapaka tu," msimamizi akatuambia. "Kama si leo, kesho."

Lori la mbele likaingia, nikapanda letu, na lango likafunguliwa kwa zamu yetu. Dada akatia gia.

"Kesho nakwenda kununua rangi kweli," akaniambia. "Nyekundu. Maneno yako ya nyuma yameanza kufifia."