Tayari Uko Ndani

Ofisini walimwita Bwana Nywila, na jina hilo alilipata kwa jasho. Haikupita siku bila mtu kumjia fundi huyu wa kompyuta akijikuna kichwa: "Nimesahau tena." Kampuni ilikuwa na mitandao miwili, mmoja wa kuandikiana ujumbe, mwingine wa kutolea mizigo ghalani, na kila mmoja ulitaka nywila yake. Jumatano hiyo alikuwa anaiunganisha, mtu aingie mara moja tu, yote miwili imfungukie. Kazi ya asubuhi moja, alijigamba. Mdomo huo!

Mashine ilioanisha watu kwa anwani zao za barua pepe, ikamaliza, na hakubaki hata mmoja asiye na jozi. Hapo akashtuka, maana mmoja alipaswa kubaki: dada yake mdogo, aliyekuwa karani wa ghala, marehemu wa miezi tisa. Akaunti yake alipaswa kuifuta yeye, na kila Ijumaa alisema wiki ijayo. Sasa karani mpya alikuwa amerithi meza, kiti na anwani ile ile ya ghala, na mashine ikawaona mtu mmoja. Kosa la kurekebishwa kwa dakika tano.

Kisha nukta ya kijani ikawaka kando ya jina la dada yake.

Simu ikalia. Alikuwa karani mpya. "Fundi, hiki kitu kinanikatalia. Kinasema tayari niko ndani."

"Basi toka, uingie upya."

"Nitoke wapi jamani, na sijaingia?"

Fundi akafungua dirisha la mazungumzo yake na dada yake. Chini kabisa kulikuwa na neno moja dogo: *anaandika…*

Neno hilo alikuwa ameliona siku ile ya msiba, saa tisa alasiri. Asubuhi yake walikuwa wamegombana ni nani ampeleke mama kliniki, naye bado alikuwa amenuna. Akalifunga dirisha. Aandike weee, nitasoma kesho. Nusu saa baadaye wakamkuta dada ameanguka katikati ya rafu, na ujumbe haukufika kamwe. "Hakukwambia neno, mwanangu?" mama aliuliza. Akamjibu hapana. Alitaka kusema nini? Swali hilo lilikuwa likimla moyo kila alipoweka kichwa kwenye mto.

Sasa akavuta kiti, akakodoa macho. Neno likazimika, likawaka, likazimika tena. Ndivyo dada alivyokuwa, kuandika na kufuta, kuandika na kufuta.

Meneja akasimama mlangoni, mama mwenye sauti ya kupasua kioo. "Malori matatu yako getini! Karani anasema kuna mtu ndani ya akaunti yake. Mtoe!"

"Nipe dakika moja tu, mama."

"Dakika ya nini?"

Kitufe kilikuwa pale pale, kimeandikwa *Toa wote*. Meneja angeweza kungoja, kelele zake alikwisha kuzizoea. Lakini niseme ukweli, fundi aliogopa. Miezi tisa aliutamani ujumbe huo, na sasa ulikuwa njiani. Je, kama anamlaumu? Je, kama anamwita?

Akabonyeza.

Nukta ikazimika. Meneja akaondoka akisonya. Simu ikalia tena.

"Nimeingia, fundi, asante! Ila nimekuta ujumbe ulioandikiwa wewe humu. Haujatumwa, uko nusu."

"Wa lini?"

"Wa leo. Sasa hivi tu, na mimi sijaandika kitu."

"Nisomee."

"'Kaka, safari hii subiri kido'… Basi, umekatika hapo. Aliyeandika alitaka usubiri nini?"

Simu ikiwa bado sikioni, fundi alilivuta lile dirisha la mazungumzo, lenye jina la dada yake juu, akaandika: *Nipo, dada. Nasubiri. Sifungi tena.* Akatuma. Hapo hapo ujumbe ukaonyesha kwamba umesomwa.

"Fundi," karani mpya akasema taratibu kwenye simu, "huu ujumbe wako umekuja kwangu."