Vitanda vya Shemeji

Seremala alimtengenezea shemeji yake vitanda vya nyumba ya wageni, vya mbao ngumu, akavipiga msasa mpaka vikateleza. Shemeji alilipa nusu. Nusu iliyobaki ikawa njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi, hadi siku aliyogeuka kabisa.

"Vilikuja vimepinda," akasema. "Nilicholipa kinatosha."

Seremala akaenda mahakama ya madai madogo. Karani akamwambia wakili hahitajiki, alete tu risiti au shahidi. Risiti hakuwa nayo. Nani humwandikia shemeji yake risiti? Shahidi alikuwa mmoja: dada yake mwenyewe, mke wa mdaiwa, aliyevipokea vitanda mlangoni.

"Mdogo wangu, mtafute mwingine," dada alimwomba, mkono ukiwa kwenye gurudumu la cherehani.

"Hakuna mwingine. Sema tu ulichokiona."

Akasema. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, mumewe amekaa karibu kiasi cha kumgusa. Hakimu alipouliza kama vitanda vilikuwa na kasoro, dada aliangalia sakafu.

"Vilikuwa vizima. Mume wangu alivisifia."

Shemeji hakugeuza shingo. Akaamriwa alipe kidogo kidogo kila mwezi. Seremala alipotoka nje amshukuru dada yake, alimkuta keshaondoka, anamfuata mumewe kwa nyuma.

Pesa zikaanza kuja, na mletaji akawa dada. Mwanzoni seremala alipokea bila kuuliza. Haki yake ilikuwa imepatikana. Baadaye akaona ni noti ndogo ndogo, za mtu anayelipwa kwa kushona pindo na kubadilisha zipu.

"Shemeji ndiye anayetoa hizi?"

"Alisema aliyejua ukweli ndiye alipe. Nyumbani siku hizi tunaongea kupitia watoto."

Seremala akazisukuma zile noti kwake. "Basi, dada. Nitakwenda kwa karani nilifute hili deni."

"Ungelifuta kabla hujaniita."

Akaziweka juu ya meza ya kazi, akazikandamiza kwa randa zisipeperuke, akaondoka.

Seremala alikwenda kweli kwa karani, akalifuta. Dada hakujali, akaendelea kuleta mpaka senti ya mwisho. Siku hiyo seremala alimkaribisha ndani, dada akakataa kukaa. Aliomba maji, akanywa amesimama, akashukuru kwa adabu, kama mteja.