Kadi ya Sipo

...na si kwamba hataki kufungua, atafungua, nani amesema hatafungua, ila amalize kwanza hizi tatu, fomu tatu tu zimebaki kati ya kumi na saba, na tarishi wa shule anaondoka saa kumi kamili na pikipiki yake, yule hasubiri mtu, mwaka juzi aliondoka huku yeye anakimbia uwanjani na viatu vya visigino, bahasha juu, wanafunzi wamejaa madirishani wanamshangilia kana kwamba ni mashindano, na sasa ni saa kumi kasorobo kwa saa ya ukutani inayochelewa dakika mbili, kwa hiyo zimebaki dakika kumi na tatu, na chini ya mlango pale kuna viatu. Viatu vyeusi vya shule, kimoja kina kamba nyeupe, kingine kamba ya kahawia, vimesimama tu. Mwenye viatu amegonga mara mbili, taratibu, kisha akanyamaza, na yeye humu ndani akanyamaza pia, kalamu hewani, amebana pumzi kama mwizi, ndani ya ofisi yake mwenyewe, yenye kibao cha cheo chake mlangoni.

Mwalimu wa Ushauri Nasaha, ndivyo kibao kinavyosema, na chini ya kibao kuna bango alilolichora kwa mkono wake na kalamu za rangi, Usiumie peke yako, ingia tuzungumze, na chini ya bango, kwenye msumari, ndipo inaponing'inia ile kadi, upande mmoja NIPO, upande wa pili SIPO, na leo tangu saa nane imegeuzwa SIPO na yeye yumo ndani amejifungia. Ndio utaratibu wake kila mwaka wiki ya mwisho kabla ya likizo ndefu, na ana sababu zake, ukiacha NIPO huandiki hata mstari, atakuja huyu ameibiwa kikokotoo, atakuja yule amenuniwa na rafiki yake, atakuja wa tatu hana shida yoyote ila anakwepa hesabu, na fomu hazijijazi zenyewe. Nafasi za likizo hizi, orodha ameibandika mwenyewe pale koridoni, kambi ya sayansi, mafunzo ya kompyuta, kujitolea hospitalini, semina ya waandishi chipukizi, kila nafasi na fomu yake, kila fomu na barua ya mwalimu anayemfahamu mwanafunzi, na mwalimu huyo ni nani kama si yeye, mkuu wa shule kazi yake ni kupiga muhuri. Basi aandike. Fomu ya kumi na tano, sehemu ya tatu, eleza kwa maneno yasiyozidi mia moja unavyomfahamu mwombaji. Ninamfahamu mwanafunzi huyu kwa karibu... na mkono unasimama hapohapo kwenye karibu, kama unavyosimama kila mara, fomu zote kumi na nne zilizotangulia umesimama hapo, akausukuma ukaenda, sasa umekataa.

Viatu havijaondoka. Zamani asingeviona, mlango ulikuwa unafika chini, ila mvua zilipouvimbisha fundi seremala aliupiga randa, akapiga, akapiga, mpaka ukabaki mfupi kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla, na yeye akamlalamikia, fundi, si umeuharibu sasa, na fundi akasema, mwalimu, si bora unaona nani amekuja, akacheka, hakujua anamwambia nini. Mwaka jana hakuona viatu. Mwaka jana alisikia tu, mara mbili, taratibu, kisha sauti, Madamu, upo? Aliijua ile sauti, hilo halina ubishi, hata angekuwa usingizini angeijua, ya yule binti wa kidato cha tatu waliyemwita Kamusi kwa sababu alikuwa hawezi kupitwa na neno bila kulisahihisha, na wao wawili walikuwa na mchezo wao, Madamu, upo? na yeye anajibu, nipo nipo tu, na Kamusi anasema, nipo moja inatosha, Madamu, mbili ni wasiwasi. Na siku ile akauliza, Madamu, upo? na hakujibiwa hata moja.

Ukutani, upande wa pili wa mbao, ndiko walipo naibu mkuu na karani, ukuta wenyewe si ukuta, ni kisingizio, unasikia mpaka kijiko kwenye kikombe, na naibu mkuu anasema, huyu mama wa fomu yuko wapi, tarishi ameshavaa kofia. Karani anasema, kadi inasema hayupo. Kadi inasema. Si ndiyo maana watoto wanamwita Madamu Sipo, anasema naibu mkuu. Wanacheka, kicheko cha watu wasio na ubaya, na yeye alikuwa analijua jina hilo muda mrefu, hata lilimchekesha kidogo, maana Kamusi ndiye aliyelianzisha, alisimama mbele ya kadi siku moja, mikono nyuma kama mkaguzi, akasema, Madamu, hii kadi ina kasoro, kama hayupo, nani anasema Sipo? Hayupo angesema mtu mwingine. Sipo lazima aseme aliyepo. Wakacheka mpaka machozi, na yeye akasema, wewe toto, nenda darasani, kuna siku utatufukuzisha kazi. Na kadi hakuibadilisha.

Aandike. Ninamfahamu mwanafunzi huyu kwa karibu, ni msikivu, ana bidii... Dakika kumi na moja zimebaki, atamaliza hii kwa dakika nne, zile mbili kwa dakika tatu tatu, ataweka kwenye bahasha, atafungua mlango, atasema, oh, mwanangu, ulikuwa hapa? Nilikuwa kwenye simu. Uongo umeshakaa tayari mdomoni, hata hajautafuta. Na si ndivyo ilivyokuwa mwaka jana, jamani, si ndivyo hivihivi, kasoro dakika chache, tarishi anangoja, na fomu iliyokuwa mbele yake, hili ndilo hajawahi kumwambia mtu, si mume wake, si dada yake, si mkuu, fomu iliyokuwa mbele yake wakati ule ilikuwa ya Kamusi mwenyewe. Semina ya waandishi, wiki nne. Mtoto anagonga nje na yeye humu ndani anaandika, ninamfahamu mwanafunzi huyu kwa karibu kama ninavyowafahamu watoto wangu wa kuzaa, na alipoitwa Madamu, upo? alibana pumzi na kutabasamu, ndiyo, alitabasamu, akajiambia, nyamaza wewe, kazi yako ndiyo hii ninayoifanya, utanishukuru. Akasikia nyayo zikienda mpaka mwisho wa koridoni, zikasimama, zikarudi hatua mbili tatu, zikasimama tena, kisha zikaenda kabisa. Akaandika, binti huyu hukabili matatizo yake kwa ujasiri. Nakala ipo kwenye kabati, droo ya pili, ameisoma mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote.

Na alichaguliwa, hilo ndilo linalomkereketa, alichaguliwa wa kwanza. Barua ilifika Jumatatu ya wiki ya pili ya likizo. Kamusi alijiua Jumamosi iliyotangulia, nyumbani kwao. Mkuu alimpigia simu akamwambia hivyohivyo, kwa neno hilohilo, halafu salio la mkuu likaisha, simu ikakatika. Kwenye mazishi mama mtu alimshika mikono yote miwili akamwambia, asante mwalimu, mwanangu alikuwa anakutaja kila siku, alisema siku ya kufunga shule alikuja kukuona akakukosa. Akakukosa. Na yeye akasema, nilikuwa nimetoka kidogo, mama, na mama akasema, ndiyo, ndivyo alivyoniambia, na nyuma yao baba wa kambo wa Kamusi alikuwa anapanga viti, mtu mpole, mtu wa watu, kila anayepita anamwambia pole, na anapanga viti kwa mistari iliyonyooka, na hakuna anayejua chochote, hata yeye mwalimu hajui chochote, pengine hakuna cha kujua. Alimtazama tu mikono. Mkuu alimwambia baadaye, usijitese, mwalimu, pengine alikuja kuuliza fomu imefikia wapi. Pengine. Hawezi kukataa wala kukubali, na kutojua huko ndiko kunakomla.

Ila kulala. Hilo la kulala alilisikia vizuri, na alilisikia zaidi ya mara moja, kwa hiyo hawezi kusingizia mlango. Kila Kamusi alipokuja kuangalia orodha ya nafasi alikuwa na swali moja tu, hakuuliza kuna cheti, hakuuliza kuna posho, aliuliza, Madamu, na huku kuna kulala? Mafunzo ya kompyuta, kuna kulala? Hapana, mnakwenda asubuhi mnarudi jioni. Basi hiyo hapana. Hospitali, kuna kulala? Na yeye, mwalimu wa ushauri nasaha, aliyesomea, mwenye vyeti vitatu ukutani, alimtania, wewe mtoto unapenda kulala, wenzako wanatafuta elimu wewe unatafuta kitanda. Mtoto akacheka. Akacheka kweli, kwa meno yote, akasema, kitanda nacho elimu, Madamu. Wakaipata semina ya waandishi, ina bweni, wiki nne, na mtoto akauliza, inaanza lini? Wiki ya tatu ya likizo. Akahesabu kwa vidole mezani hapa, hapahapa kwenye hii pembe iliyobanduka, wiki mbili za kusubiri, akasema, si haba, nitazimaliza. Alidhani mtoto ana hamu ya kuandika tu.

Naibu mkuu anasema, basi tarishi aende na zilizopo. Karani anasema, zilizopo ziko wapi na zote anazo yeye? Kumi na saba, watoto kumi na saba, wengine hawajawahi kutoka hata mtaa wa pili, na huyu mmoja nje hata hajui ana shida gani, pengine kikokotoo. Aandike, kwani ameandika nini mpaka sasa, bidii, msikivu, hebu aangalie hata jina, na analisoma jina juu ya fomu, analisoma tena, na uso hauji. Msichana, kidato cha pili, mkondo wa mwisho. Hauji kabisa. Anaandika kwa karibu na hana hata pua yake. Anageuza ukurasa labda atapata kitu cha kumkumbusha, nyuma kuna sehemu ya mwombaji, maswali mengine uliyonayo, na wengi huiacha tupu, huyu ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo, kisha akafuta, na kifutio hakikufuta sawasawa. Je, kuna kulala?

Anaishi mbali, ndiyo, wa mbali wote huuliza hivyo, nauli, umbali, ni swali la kawaida kabisa, wala hajui kama aliyeko nje ndiye huyu, shule ina watoto mia sita na kila mmoja ana viatu. Na kama ndiye, basi si ndiyo sababu zaidi ya kumaliza fomu yake, fomu ndiyo kitanda chenyewe, akifungua sasa tarishi ataondoka na mtoto atakosa bweni, na wengine kumi na sita pamoja naye, nao atawaambia nini... na hapo anajisikia. Anajisikia neno kwa neno. Nyamaza wewe, kazi yako ndiyo hii ninayoifanya. Mwaka mzima amejiambia kwamba hakujua, angejua angefungua, na sasa amekaa na penseli ya mtoto mbele ya macho yake na bado anahesabu dakika. Kumbe si kwamba hakujua. Alijua vya kutosha kunyanyuka kwenye kiti, ila fomu ni rahisi, fomu haikutazami, ukishaijaza inakaa kimya kwenye bahasha na unaonekana umesaidia mtu. Anaogopa, ndio ukweli wenyewe, anaogopa atakachoambiwa, aliogopa hata siku ile akakiita kazi, akatabasamu. Analia, hajui ameanza saa ngapi, chozi limeangukia kwenye yale maneno, kwa karibu, na wino umetawanyika.

Nje pikipiki imewashwa. Viatu vinasogea kidogo, kile chenye kamba nyeupe kinapanda juu ya mwenzake kama mtu anayejikuna, kinarudi chini, na sauti asiyoijua, nyembamba, ya mtu asiyetegemea kujibiwa, inasema, Madamu? Inaishia hapo. Nipo, anasema, na hakuna kinachotoka. Nipo, anasema tena, moja tu, na hii anaisikia mwenyewe ila hajui kama imefika mlangoni, na bado amekaa, kalamu mkononi, fomu tatu mezani, saa ya ukutani inachelewa dakika zake mbili, kadi kule nje bado inasema inachosema, na chini ya mlango viatu bado vipo.